"Well-organised": nani kampanga nani?

Wadau, leo nataka tulichambue neno moja la Kiingereza. Ni neno ambalo ukikaa hapa Ifakara utakutana nalo kila mahali: kwenye matangazo ya kazi yaliyobandikwa ukutani, kwenye maandiko ya miradi, kwenye ripoti za wafadhili, hata kwenye vyeti vya semina. Neno lenyewe ni "well-organised". Mwombaji wa kazi awe "well-organised". Kikundi cha akina mama kinachoomba mkopo kiwe "well-organised". Kijiji kinachosifiwa kwenye ripoti ni "well-organised". Yaani ukilikosa hilo neno kwenye andiko lako, hela huzioni.

Kuna mdau aliniuliza maana yake. Nikamjibu kama wanavyojibu wengi: "iliyopangwa vizuri". Akaridhika. Jibu hilo halina kosa, ukifungua kamusi utalikuta. Lakini baadaye nikakaa nikawaza kwamba hapa kwetu bonde la Kilombero, kupangwa vizuri si jambo la kulipitia hivi hivi. Bonde hili limepangwa na watu wengi sana, kwa nyakati tofauti, na kila mmoja alisema anapanga vizuri. Basi tulifungue neno lenyewe tuone ndani kuna nini.

Kwanza, limeundwaje?

Kisarufi hiki ni kivumishi ambatani, maana yake maneno mawili yameunganishwa yafanye kazi ya sifa moja. La kwanza ni "well", yaani vizuri. La pili ni "organised", yaani kilichopangwa. Katikati kuna kistari.

Hicho kistari kina kanuni yake, na vijana wanaofanya mtihani waisikilize. Sifa ikitangulia jina, kistari kinawekwa: "a well-organised meeting". Sifa ikija baada ya jina na kitenzi, kwa kawaida kistari kinaondoka: "the meeting was well organised". Tena utaliona limeandikwa kwa s au kwa z. Yote ni sahihi. Wamarekani wanatumia z, Waingereza wengi wanatumia s, ingawa kamusi za Oxford zinapendelea z. Chagua moja, usichanganye ndani ya barua moja, basi.

Pili, limetoka wapi?

Hapa ndipo pananoga. "Organise" shina lake ni neno la Kigiriki, "organon", maana yake chombo cha kufanyia kazi, kifaa. Ni ndugu wa neno jingine la Kigiriki, "ergon", yaani kazi. Wafuasi wa Aristotle walipokusanya maandishi yake ya mantiki waliyaita Organon, kwa sababu waliyaona kama kifaa cha kufikiria.

Kutoka Ugiriki neno likaenda kwa Warumi likawa "organum", na huko likachukua maana ya chombo cha muziki pia. Ndiyo maana kile kinanda kikubwa cha kanisani Waingereza wanakiita "organ". Baadaye waganga wakalitumia kwa sehemu za mwili zenye kazi maalumu: moyo, figo, ini. Kila kimoja ni chombo cha mwili. Katika Kilatini cha zama za kati na Kifaransa kikapatikana kitenzi cha kusema "kukipa kitu viungo", kukifanya kiwe kama mwili ulio hai, kila kiungo na kazi yake. Kitenzi hicho kiliingia kwenye Kiingereza karne ya 15.

Kwa hiyo kitu kilicho "organised", ukiangalia asili ya neno, ni kitu kilichopewa viungo vinavyofanya kazi pamoja. Sisi nasi tumefika hapo hapo kwa njia yetu. Tunasema "vyombo vya dola", "vyombo vya habari", "chombo cha maamuzi". Chombo hicho hicho cha kuchotea maji na cha kuvukia mto ndicho tulichokipa kazi ya kutaja polisi, magazeti na mabaraza.

Lakini angalieni jambo moja. Chombo ni cha mtu. Jembe lina mkulima, kinanda kina mpigaji. Kwa hiyo ukiambiwa watu fulani "wamefanywa kuwa chombo", swali la kwanza ni hili: chombo cha nani?

Tuje kwenye "well". Hili ni neno la zamani la Kiingereza chenyewe, halikutoka Ugiriki wala Roma. Wataalamu wa asili za maneno wanaliweka kwenye shina moja na "will", yaani kutaka, nia, hiari. "Vizuri" ya Mwingereza mwanzoni ilikuwa karibu na "kama inavyotakiwa". Na hapo swali la pili linajitokeza lenyewe: kama inavyotakiwa na nani?

Kwa hiyo neno zima, ukilikamua, linasema "kilichofanywa chombo, kama ilivyotakiwa". Neno la sifa tu, lakini tumboni limebeba maswali mawili: chombo cha nani, na kwa matakwa ya nani. Na ubaya ni kwamba Kiingereza hakikulazimishi kuyajibu. Unaweza kuandika "a well-organised village" ripoti nzima na usiseme hata mara moja ni nani aliyekipanga.

Kiswahili hakikuachii kirahisi hivyo

Neno letu la "panga" ni la Kibantu, na majirani zetu wanalo. Wachewa wa Malawi na Wabemba wa Zambia wakisema "kupanga" wana maana ya kutengeneza, kufanya kitu. Sisi tumeliachia zaidi kuweka vitu kwa mstari na kuamua mambo kabla hayajafika. Lakini utamu wake uko kwenye viambishi. Hebu tazameni:

Kupanga: wewe ndiye unayeamua.

Kupangwa: unawekwa kwenye mstari, kama sahani kabatini.

Kupangiwa: mwingine kaamua, na uamuzi unakufikia wewe. Kituo cha kazi unapangiwa. Zamu unapangiwa. Shule mtoto anapangiwa.

Kujipanga: wenyewe mnakaa, mnaamua, mnatekeleza.

Kupangua: kuvunja kilichopangwa na kuanza upya, kama rais anavyopangua baraza la mawaziri.

Kisha kuna kupanga chumba na kupangisha nyumba. Mpangaji ni mtu anayepanga mipango, na mpangaji ni mtu anayekaa kwenye nyumba isiyo yake. Neno moja, watu wawili tofauti kabisa! Mimi naona si bahati mbaya kwamba tunaweza kucheza nalo hivi: mtu aliyepangiwa kila kitu mwishowe anageuka mpangaji kwenye ardhi yake mwenyewe.

Basi nasema hivi: ukitafsiri "well-organised" ukaandika "iliyopangwa vizuri", tayari umeshachagua upande. Umechagua kupangwa. Ungeweza kuandika "waliojipanga vizuri" na ikawa habari nyingine kabisa. Nitawaonyesha kwa mambo yaliyotokea hapa hapa bondeni.

Malale: kupangwa

Zamani watu wa bonde hili, Wandamba, Wapogoro, Wabena na wengine, hawakuishi kwa kubanana. Kaya zilitawanyika. Mpunga unalimwa mbugani ambako mto unafurika, na mpunga una maadui: ndege, nguruwe pori, kiboko. Mtu analazimika kuhamia shamba msimu mzima, anajenga dungu, anakaa na familia kulinda. Mpaka leo ukipita mbugani wakati wa mavuno utaona watu wanaishi huko kwa miezi. Samaki nao wana msimu wao na sehemu zao.

Ofisa wa kikoloni alipoyaona hayo aliona vurugu. Watu hawahesabiki, kodi haikusanyiki vizuri, dawa haiwafikii. Miaka ya 1940 Waingereza wakawakusanya watu wa wilaya ya Ulanga (wakati huo Kilombero yote ilikuwa ndani yake) kwenye makazi ya pamoja, sababu kubwa ikiwa ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o. Tusiwe wepesi kudharau: malale yalikuwa yanaua kweli, na kuishi pamoja kwenye eneo lililofyekwa kunapunguza mbung'o. Lakini aliyeamua watu wahamie wapi na lini si wao. Walikusanywa, wakapangwa kwa mstari. Na kule walikotoka pori likarudi, wanyama wakapachukua.

Sasa kwa macho ya ofisi, kabla ya hapo watu walikuwa hawana mpango, na baada ya hapo wakawa nao. Mimi nasema hapana. Yale makazi ya kutawanyika yalikuwa mpango. Kila kaya ilijua kwa nini iko pale ilipo, maji yanafika wapi mwezi wa 4, ndege wanashuka lini. Walikuwa wamejipanga, ila si kwa namna ambayo mtu wa ofisini angeweza kuichora kwenye karatasi.

Reli na vijiji: kupangiwa

Uhuru ukaja. Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipokuwa anauelezea Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, hotuba yake ikabeba kichwa ambacho wengi bado tunakikumbuka: Kupanga ni Kuchagua. Na ni kweli, kupanga ni kuchagua. Lakini mnaona? Aliyepanga ndiye aliyechagua. Aliyepangiwa je?

Mwaka 1970 hadi 1975 Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia walijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na reli hiyo inapita katikati ya bonde letu, Ifakara hadi Mlimba na kuendelea. Sababu yake ilikuwa kubwa kuliko sisi: shaba ya Zambia ipate njia ya baharini bila kupita Rhodesia na Afrika Kusini za makaburu. Wakati huo huo Operesheni Vijiji ilikuwa inaendelea, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kwamba watu wote vijijini waishi kwenye vijiji. Mwaka 1975 ikaja Sheria ya Vijiji. Watu wengi wakahamishiwa kandokando ya barabara na reli.

Faida zilikuwepo, na mimi si wa kuzikana. Shule zilijengwa, zahanati zikaja, wengi wetu tumesoma kwa sababu ya vijiji vile. Lakini kuna waliotolewa kwenye ardhi ya mbuga yenye rutuba wakapelekwa penye kichanga, kwa sababu tu pako karibu na barabara. Walipangiwa.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha. Reli ilipangwa kwa ajili ya shaba, lakini watu wa bonde hawakusubiri kuambiwa waitumieje. Wakaanza kupakia mpunga, ndizi, samaki na kuku kwenye treni ya abiria, ile ndogo wakaiita Kipisi. Mama anatoka Mlimba na magunia yake, dada yake anampokea Ifakara, mwingine anauza Dar. Anayepokea ni ndugu au jirani, hesabu zinaandikwa kwenye daftari la shule. Hakuna aliyewaandikia mpango mkakati. Huko ndiko kujipanga, tena juu ya reli ambayo mtu mwingine aliipanga kwa shughuli nyingine.

Vyandarua: kupanga kwa kuulizana

Msije mkasema mimi napinga kila kitu kinachotoka juu au ng'ambo. Hapa Ifakara tuna mfano mzuri. Miaka ya 1950 Waswisi wa Basel, chini ya Profesa Rudolf Geigy, walianzisha maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo.

Mwaka 1996 hadi 2000 uliendeshwa mradi ulioitwa KINET, wa vyandarua vyenye dawa, katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wangeweza kuleta lori, wagawe, waondoke. Hawakufanya hivyo. Walianza kwa kuuliza watu: mbu mnamwonaje, chandarua mnakitaka cha namna gani, mnanunua wapi vitu vyenu. Bidhaa ikapewa jina la Kiswahili, Zuia Mbu, ambalo mtoto wa darasa la kwanza analielewa. Ikauzwa kwenye maduka ya kawaida na kupitia watu wa vijijini wenyewe, na akina mama wajawazito wakapewa hati ya punguzo. Baadaye, kuanzia mwaka 2004, wazo hilo la Hati Punguzo likaenea nchi nzima.

Matokeo yake yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2001: vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4. Hao ni watoto wa hapa hapa, wengine leo ni wazazi. Kwa Kiingereza mradi ule ungeitwa "well-organised", na ile operesheni ya malale nayo ingeitwa "well-organised". Neno ni lile lile! Tofauti yake neno haliisemi: kule watu walipangwa, huku waliulizwa.

Ardhi: hapa ndipo penye moto

Sasa kwa nini nawasumbua na haya yote? Kwa sababu neno hili bado linafanya kazi, na kazi yake kubwa siku hizi ni kwenye ardhi.

Bonde la Kilombero ni eneo oevu lililoorodheshwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, karibu kilomita za mraba 8,000. Ni nyumbani kwa sheshe wengi kuliko mahali pengi duniani. Pia ni ghala la mpunga, ni malisho, ni uvuvi, ni chanzo kikubwa cha maji ya mto Rufiji. Mwaka 2010 ukatangazwa mpango wa SAGCOT wa ukanda wa kilimo kusini mwa nchi, na Kilombero ikawekwa kwenye orodha. Mwishoni mwa mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Kuanzia mwaka 2016 mradi wa LTSP ukapima vijiji na kutoa Hati za Hakimiliki za Kimila kwa maelfu ya wananchi wa Kilombero, Ulanga na Malinyi. Mwaka 2023 ukafuata uamuzi wa kupandisha hadhi pori tengefu kuwa Pori la Akiba Kilombero. Kila kimoja kina ramani zake, mipaka yake na maneno yake mazuri.

Kwa kijiji, karatasi yenye nguvu katika mambo haya ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Na hapa sheria imesema vizuri kuliko watu wengi wanavyojua. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, mpango wa kijiji unaandaliwa na halmashauri ya kijiji na lazima upitishwe na mkutano mkuu. Mkutano mkuu ni nani? Ni kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea. Ni wewe, shangazi yako na yule kijana wa bodaboda.

Yaani kisheria mpango wa ardhi ni wa kujipanga. Wataalamu wa wilaya wanakuja kusaidia, hawaji kuamua.

Lakini inavyokwenda je? Niliwahi kuhudhuria mkutano wa namna hiyo kwenye kijiji kimoja, sitakitaja. Wageni walishuka kwenye gari na ramani kubwa, wakaibandika ukutani kwenye ukumbi wa shule. Imeshapakwa rangi: kijani hifadhi, njano kilimo, kahawia malisho. Karatasi ya mahudhurio ikaanza kuzunguka. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Samahani wanangu, hizo rangi mmepaka lini? Maana mkutano ndio kwanza unafunguliwa." Watu wakacheka. Mgeni naye akacheka, akasema ni rasimu tu. Basi tukasaini mahudhurio, na nina hakika kwenye ripoti tuliandikwa kuwa mkutano ulikuwa "well-organised". Na kweli ulikuwa hivyo, viti vilikuwepo na soda zilitosha.

Lile swali la mzee ndilo swali lenyewe la neno. Hakupinga mpango. Aliuliza mpangaji ni nani.

Na sipendi tudanganyane: ardhi isiyo na mpango ina hatari yake. Mkulima na mfugaji wanakutana kwenye njia moja ya maji, na tumeshaona watu wakiumizana kwa hilo. Anayekuja na hela anajichukulia. Mjane anaporwa na mashemeji. Kwa hiyo mpango unatakiwa, tena haraka. Lakini mpango ambao watu hawakuupanga hawataulinda. Alama za mipaka zitang'olewa, njia ya mifugo italimwa, na miaka 5 baadaye atakuja mwingine kupangua na kupanga tena.

"Jipange!"

Nimalizie upande wa pili wa neno, maana na sisi mtaani tumelichezea. Siku hizi mtu akichelewa kulipa kodi ya chumba anaambiwa "jipange". Kijana akitaka kuoa: "jipange kwanza". Na viongozi wetu, hakuna siku utawasikia kwenye redio bila "tumejipanga vizuri". Mvua zinakuja? Tumejipanga. Kipindupindu? Tumejipanga. Kisha mvua ya kwanza tu daraja linaondoka.

"Amejipanga" ndiyo tafsiri safi kabisa ya "well-organised" kwa mtu, mimi naipenda. Lakini tuwe macho nayo. Kumwambia mtu "jipange" wakati jembe, maji na ardhi viko mikononi mwa mwingine ni kumtwisha mzigo na kumfunga mikono. Kujipanga kunahitaji kitu cha kupanga.

Sasa tutafsiri vipi?

Kwa wale wanaoandika na kutafsiri, ushauri wangu ni huu. Mtu "well-organised" ni mtu aliyejipanga, au mtu mwenye utaratibu. Mkutano ni mkutano ulioandaliwa vizuri, au ulioratibiwa vizuri. Nyumba au ofisi ni yenye mpangilio mzuri. Wizi au ujangili ni wa kupangwa, na hapo hakuna haja ya kuongeza "vizuri", sifa hatuwapi. Ikifika kwenye kikundi, kijiji au jamii, simama kwanza. Uliza nani alifanya kazi ya kupanga. Kama ni wao, andika "waliojipanga". Kama walishirikiana na wengine, andika "waliopanga pamoja". Kama waliletewa, uwe mkweli uandike "waliopangiwa". Mhariri akikuuliza mbona umebadilisha, mwambie Kiswahili kinataka jibu.

Jambo la mwisho. Ile "organisation" ya Waingereza, inayotokana na chombo, sisi hatukuitafsiri kwa chombo. Tuliiita shirika, kutoka Kiarabu, kwenye shina moja na kushiriki na ushirika. Yaani wao waliangalia kifaa, sisi tukaangalia kugawana. Sidhani kama waliolichagua neno hilo walikaa kikao, lakini walituachia kipimo kizuri: kama watu hawakushiriki, hilo si shirika, hata kama kila kiungo kiko mahali pake.

Kwa hiyo mtu akija kijijini kwako na karatasi imeandikwa "well-organised", usiogope Kiingereza chake. Karatasi ipokee, mkaribishe kiti, halafu muulize kama yule mzee: hizo rangi zimepakwa lini, na nani alishika brashi?

Wadau mnasemaje? Na wale wa Kindamba, Kipogoro, Kibena na Kihehe, kwenu "kujipanga" mnakuitaje? Leteni maneno.